Rangi ya Bitiruti Katika Wodi ya Wanaume

Nyinyi vijana mliobaki na toroli zangu mliniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi. Nimekubali kwa sababu sasa nina wakati, na kwa sababu mke wangu amechoka kunisikiliza. Vyeo sitaandika, sikupewa. Mshahara pia sitaandika, mnaujua, ni huohuo wenu. Shule niliacha mapema kule Mwala, ng'ombe wa baba walikuwa hawajui kujichunga. Herufi zangu zilizopinda, mjukuu wangu amezinyoosha. Zilizobaki zimepinda ni zake.

Nairobi nilikuja kubeba mawe. Hiyo hospitali yenu hapo kando ya Waiyaki Way niliibeba kwa mabega kabla haijawa na mgonjwa hata mmoja. Ule ukuta wa maabara ambao madaktari huegemea wakiongea na simu, mchanga wake niliuchanganya mimi. Kwa hivyo mtu akiniambia, "Wewe ni mhudumu tu," huwa namuuliza yeye amejenga nini. Wengi hawajajenga hata choo.

Jengo lilipokwisha, fundi mkuu alituaga, wenzangu wakaenda kutafuta mawe mengine. Mimi sikuenda. Kila asubuhi nilisimama langoni na shati safi mpaka matroni akauliza huyu ni nani anayesimama hapa kama mlingoti wa bendera. Nikamwambia mimi ni mtu wa kubeba. Akaniuliza naweza kubeba nini. Nikasema chochote kisichoongea. Alicheka, akanipeleka wodi ya wanaume, ambako kila cha kubeba kinaongea.

Siku ya kwanza sikupewa mgonjwa. Nilipewa chupa ya mkojo. Aliyenipa ni Sista Redempta, mama wa Kimeru, mfupi, sauti yake ilifika kwenye lango kabla yake. Niliishika ile chupa mbali na mwili kama mtu anayeshika nyoka kwa mkia, nikaelekea chooni.

"Wewe! Unaenda wapi na hiyo?"

"Chooni, Sista."

"Umeiangalia?"

"Niangalie mkojo, Sista? Nimetoka kwetu nikaja Nairobi kuangalia mkojo?"

"Kwani ulikuja kuangalia nini, sinema? Rudi hapa. Dirishani kwanza, chooni baadaye."

Akanisimamisha kwenye dirisha la mashariki, akainua chupa kwenye mwanga, akanifundisha. Rangi ya majani makavu, nenda. Rangi ya chai ya mkandaa, mgonjwa hanywi maji, mwambie Sista. Rangi ya damu, au ya soda nyeusi, usimwage, usiweke chini, ita mtu. Hiyo ndiyo shule niliyomaliza. Cheti hawakutoa.

Kifaa kingine alichonifundisha ni stendi ya dripu. Nyinyi huisukuma kama mkokoteni wa soko la Kangemi. Kila stendi ina gurudumu moja lenye kiburi, na ukilipata hilo, stendi inamvuta mgonjwa mkono. Unaigeuza gurudumu bovu likae nyuma. Na kile kigurudumu kidogo cha plastiki kinachofungua na kufunga dawa si chenu. Hata mgonjwa akikusihi uongeze kasi awahi mpira, si chenu. Chenu ni kuangalia mkono kama umevimba, na kupiga kelele.

Sasa niseme juu ya dawa za mshipa, maana ndizo zilizonifanya nikae kuandika. Mtu wa Nairobi akipewa vidonge anaona amedharauliwa. Akitundikiwa chupa, anajipiga picha na kuituma kwenye kikundi cha ukoo, na kabla dawa haijafika nusu wajomba wameanza kumuombea. Sista Redempta hakuwa na imani hiyo. Aliniambia hizi dawa za kuua vijidudu huingia kwenye damu kama askari walioitwa kutuliza fujo mtaani. Mara nyingi wanakamata wahalifu, mambo yanatulia. Mara chache sana, unajua mwenyewe askari wetu, wanageuka kupiga wenyeji.

"Wenyeji ni nani, Sista?"

"Damu yenyewe."

Nilifikiri ananitania, mpaka tulipompata mzee mmoja wa Kitisuru, kule kwa matajiri, aliyekuwa na nimonia. Alikuja na mto wake, kikombe chake na mswaki wa betri unaonguruma kama pikipiki. Homa ilishuka, kifua kikafunguka, na sote tukafurahi. Halafu asubuhi moja akatema damu kwenye beseni. Akasema ni maji ya hospitali. Nilipomwosha miguu nikaona madoa mekundu kwenye ngozi, madogo kama punje za mtama, hayafutiki ukiyasugua. Akasema ni mbu.

"Mbu wa kwetu hawaumi namna hii," aliniambia, kama mtu anayemlalamikia mwenye hoteli.

Daktari alitoa damu, akakuta zile chembe za kugandisha zimepungua vibaya, na dawa ndiyo iliyozipunguza. Ikabadilishwa, madoa yakafifia, mzee akaenda nyumbani akiwa bado anawalaumu mbu. Wengine, Sista alinieleza, hupungukiwa na chembe nyeupe, homa ikarudi wakati kila mtu anashangilia. Na wachache zaidi, chembe nyekundu zenyewe hupasuka ndani ya mishipa. Hizo nilisikia tu. Sista Redempta alistaafu akarudi kwao Nkubu kabla sijaziona. Nilikuja kuziona kwa Wafula.

Wafula aliuza vipuri vya magari mjini, kwenye zile barabara za nyuma ambako gari huingia zima na kutoka kwa vipande. Gia boksi ilimwangukia mguuni. Alifunga kitambaa, akaendelea kuuza, mpaka kidonda kikaingia mfupani. Daktari wetu wakati huo alikuwa Daktari Wairimu, msichana mtaratibu, asiyepiga kelele wala kujisifu. Akamweleza Wafula kwamba mfupa hauponi kwa haraka, atatiwa seftriaksoni, mojawapo ya hizo dawa za kuua vijidudu, mshipani kila siku kwa wiki nyingi. Wafula akauliza kama hakuna ya kichina ya bei nafuu. Ni mazoea ya kazi.

Dawa ilifanya kazi. Kidonda kikaanza kukauka, harufu ikaisha, Wafula akaanza kugombana na wafanyakazi wake kwa simu. Kisha kipimo kimoja kikaonyesha damu imeshuka kidogo. Daktari akasema ataifuatilia. Mkewe, Nekesa, hakungoja kufuatilia. Alimpigia simu mama yake Bungoma.

Mama mkwe akafika na gunia la bitiruti.

Hakuna mtu aliyefundishwa darasani kwamba damu ikipungua unakunywa kitu chekundu, na hakuna Mkenya asiyejua. Mimi mwenyewe nimelea watoto kwa bitiruti na bado nakunywa, na hakuna daktari atakayenitoa hapo. Kwa hivyo nilipoona lile gunia, nilimheshimu yule mama papo hapo.

Lakini wale ni Wabukusu, na kwao mama mkwe na mkwe hawazoeani. Mama hakulala nyumbani kwa Wafula kule Mountain View, alikaa kwa mwanawe Kangemi. Hospitalini hakukaribia kitanda, maana mwanamume aliyeoa binti yako humwangalii amelala na nguo za kulalia. Alisimama mlangoni mwa wodi na leso yake mabegani, flaski ya bitiruti iliyosagwa mkononi. Kitanda cha Wafula kilikuwa cha kwanza baada ya mlango, wanaonana vizuri kabisa, lakini mazungumzo yalipita kwa Nekesa.

"Muulize kama amekunywa ya jana."

"Mama anauliza umekunywa ya jana?"

"Mwambie mama nimekunywa yote. Mwambie naona nguvu inarudi."

"Anasema amekunywa, mama."

"Mwambie leo nimeongeza kidogo."

Mimi nikipita katikati yao na toroli nilijiona kama ninakatiza barabara kuu.

Kila jioni flaski ilirudi kwa Nekesa tupu, imeoshwa. Na kitanda cha pili, Mzee Njoroge wa Kinoo, aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri na aliyekuwa akiapa kwamba chai ya hospitali itamuua kabla ya ngiri, naye alizidi kunenepa mashavu. Nilifikiri ni amani ya kuwa mbali na mkewe.

Kisha asubuhi moja nikainua chupa ya Wafula dirishani, na mwanga haukupita. Nyekundu, yenye weusi ndani yake. Sikuiweka chini. Nikamwita Sista Chebet aliyekuwa zamu.

Akaangalia. "Ah! Si huyu ndiye wa bitiruti?"

"Ndiye."

"Basi, Mzee Kioko. Hata mimi nikinywa ile kitu naogopa choo changu mwenyewe."

Daktari Wairimu alipopita, naye aliangalia, naye akauliza. Nekesa akaapa kwamba ni kila siku, mama anasaga kwa mkono wake. Flaski tupu ilikuwa pale kwenye kikabati, ushahidi tosha. Daktari akasema bitiruti huweza kufanya hivyo, lakini kesho atatoa damu tena, ahakikishe. Hakukosea kwa alichoambiwa. Mimi pia nilisema ni bitiruti, na nilisema kwa sauti. Kama ungekuwa pale ungesema hivyo hivyo, usijifanye.

Kesho yake Mzee Njoroge aliruhusiwa kwenda nyumbani. Alituaga kitanda kwa kitanda, akampa Wafula mkono kwa muda mrefu kuliko sisi wengine. Muda si muda Nekesa akaleta flaski, akamsalimia mumewe, akatoka kukaa na mama yake kwenye benchi la ukumbini wamngoje daktari. Sista Chebet akatundika dawa ya siku hiyo, akaifungua, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi nikaleta beseni kumwosha Wafula.

Sikupenda alivyokuwa. Alipumua kama mtu aliyepanda ngazi, na alikuwa amelala tu. Alisema mgongo unamuuma, akalilaumu godoro. Nilipomfuta uso nikaona weupe wa macho yake umekuwa manjano. Na chupa chini ya kitanda ilikuwa nyeusi kuliko jana.

"Mzee Kioko," akaninong'oneza.

"Sema."

"Wewe unapenda bitiruti?"

"Sana."

"Basi nisaidie. Kunywa hii yote saa hii, halafu uoshe flaski."

"Na wewe utakunywa nini?"

"Mimi hiyo kitu siwezi, mzee. Harufu tu inanigeuza tumbo. Ni ya udongo."

"Leo huwezi, au?"

"Hata siku moja. Ni Njoroge alikuwa ananinywea. Na sasa ameenda."

Nikaangalia flaski imejaa hadi shingoni. Nikaangalia chupa. Mjue, akili yangu haikwenda mbio, ilikwenda kama ile stendi ya gurudumu bovu, lakini ilifika. Kama bitiruti ilikuwa tumboni mwa Njoroge, huu wekundu wa Wafula umetoka wapi? Na juu ya kichwa chake dawa inadondoka, tone baada ya tone.

"Naenda kumwita daktari," nikasema.

Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi. "Usimwambie mambo ya Njoroge. Mama yuko hapo nje. Ametoa hizi bitiruti shambani kwake, amesafiri nazo, anasaga kila siku. Nitamwangaliaje? Mimi nimemdanganya mama wa bibi yangu kwa mdomo wangu."

"Huna haja ya kumwangalia. Si hamwangaliani?"

"Mzee, tafadhali. Nitamwambia siku nyingine."

"Hiyo siku nyingine unaipata wapi, Wafula? Mkojo wako ni wa mtu anayeaga."

Nikatoka. Ukumbini Daktari Wairimu ndiyo kwanza amefika, amesimama mbele ya benchi, Nekesa upande huu, mama mkwe upande ule na leso yake. Nilitazama kama naweza kumvuta kando. Haikuwezekana, na mimi sikulelewa kunong'ona. Isitoshe, mama mkwe alikuwa wa Wafula, si wangu.

"Daktari, Wafula hajanywa."

"Hajanywa nini, mzee?"

"Bitiruti. Hata tone. Tangu ilipoanza kuja. Ilikuwa inanywewa na Mzee Njoroge."

Nekesa akafunika mdomo. Mama mkwe alitazama sakafu niliyoipiga deki asubuhi.

"Na mkojo wa leo?" daktari akauliza, sauti imebadilika.

"Mweusi kuliko wa jana. Na macho ni manjano."

Nimeona madaktari wakitembea haraka ili waonekane wana kazi. Huyu alikimbia. Alifika kitandani na kufunga dripu kwa mkono wake mwenyewe, akaitoa ile dawa nzima kwenye stendi, na kumwambia Sista Chebet mgonjwa huyu asiwekewe tena. Kisha akatoa damu. Niliipeleka maabara mwenyewe kwenye kile kisanduku cha baridi, na nilipita ule ukuta wangu bila kuusalimia.

Ilikuwa kama Sista Redempta alivyosema. Mwili wa Wafula ulikuwa umeichukia ile dawa, na kwa kuichukia ulikuwa unapasua chembe zake wenyewe. Mguu unapona, mwenye mguu anakwisha. Daktari alisema dozi ile ingeingia yote, na nyingine kesho, huenda tungekuwa na kidonda kizuri sana kwenye maiti. Hapana, yeye hakusema hivyo, yeye ana adabu. Alisema, "Tumeiwahi."

Wafula aliongezewa damu, polepole, kila kitu kikikaguliwa, maana mwili uliokasirika hukataa hata wageni. Shemeji yake wa Kangemi alikuwa wa kwanza kufika kutoa yake. Mfupa ukatafutiwa dawa ya jamii nyingine. Na daktari akawaambia Wafula na Nekesa kwamba jina la ile dawa ya kwanza walishike kama la mtu aliyewaibia, na kila hospitali watakayoingia maishani walitaje kabla hata ya kuketi.

Nyinyi nanyi shikeni hili. Ukiona chupa nyekundu, usiulize mke, usiulize flaski. Muulize mgonjwa mwenyewe, akiwa peke yake, ni nini kilichopita kooni mwake. Watu wetu watakufa wakiwa na adabu nyingi sana.

Siku hizo zote mama mkwe hakuonekana mlangoni. Mlango mtupu ulimuuma Wafula kuliko mguu wake. Macho yakarudi meupe, chupa ikarudi rangi ya majani makavu, lakini simu za wafanyakazi alikuwa hazipokei. Nikimwosha ananiuliza kama nimemwona mama ukumbini. Nikimwambia hapana, anageukia ukutani.

"Umenimaliza, mzee."

"Nimekumaliza na bado unaongea?"

Nekesa naye alipoulizwa habari za mama yake alijibu tu kwamba yuko Kangemi, yuko sawa. Mtu akisema mama yake yuko sawa kwa sauti ile, hayuko sawa.

Kisha siku moja wakati wa kuona wagonjwa nilikuwa nakunja shuka, nikaona leso mlangoni. Nekesa alikuwa ameenda kulipia chakula, kwa hivyo hapakuwa na mtu wa katikati. Mama alisimama mikono mitupu. Wafula alivuta blanketi mpaka kidevuni. Mama akanigeukia mimi.

"Baba."

"Naam, mama."

"Mwambie mkwe wangu nilijua hanywi."

Nikamtazama Wafula. Alikuwa ameacha kupumua, na safari hii si kwa sababu ya damu.

"Anasema alijua hunywi," nikasema.

"Muulize... muulize alijuaje."

"Bitiruti humwachia mtu midomo," mama akasema, hakungoja swali langu. "Yeye kila siku ananishukuru na midomo yake ni mikavu, myeupe. Yule mzee wa kitanda cha pili ndiye alikuwa na midomo kama msichana wa harusi."

"Sasa mama, mbona hukusema?" Hilo nililiuliza mimi, kwa niaba yangu mwenyewe.

Akanitazama kama anayemtazama mtu asiyejua chochote. "Ningesemaje? Nimwambie mwanamume aliyeoa binti yangu kwamba anadanganya? Nilifikiri nikiongeza kidogo, ataona aibu anywe." Akatengeneza leso. "Mwambie sikujua inaficha ugonjwa. Mwambie kama ningejua, ningeingia humu ndani nikamlisha kwa kijiko, mila ikasirike ikitaka."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Wafula alikuwa analia chini ya blanketi kama mtoto, na sote wawili tukaangalia dirisha mpaka amalize.

"Mwambie mama anisamehe," akasema mwishowe.

"Anaomba umsamehe."

"Mwambie aseme ukweli, basi. Anakunywa nini?"

Wafula akafikiri. Nilimwona anaanza kutafuta jibu la adabu, kisha akaliacha.

"Mwambie uji. Uji wa wimbi. Lakini asitie ndimu, ndimu inaniumiza tumbo."

"Wimbi, bila ndimu," nikasema.

"Nimesikia," mama akasema. "Muulize sukari."

"Nyingi," Wafula akajibu.

"Nyingi," nikamwambia mama.